GPS ya pikipiki inazingua safarini? Anza na waya kabla ya kulaumu setilaiti

Pikipiki ya safari ndefu inatesa kifaa cha GPS kuliko gari linavyokitesa. Mtetemo hauishi, jua linapiga kioo moja kwa moja, mvua inakuja kutoka mbele kwa kasi yako mwenyewe, na umeme unatoka kwenye betri ndogo inayowasha na taa na stata. Malalamiko mengi ya "GPS haishiki", ukiyachimba, unakuta setilaiti hazina kosa. Ziko kilomita 20,200 juu na zinatuma mawimbi kama kawaida. Ubovu uko hapa chini, kati ya betri na kioo: waya, plagi, holda. Kwa sababu hiyo nikiulizwa kifaa gani kinunuliwe, ninachouliza kwanza ni kinapata umeme kwa njia gani na kimeshikwa na nini. Ukubwa wa kioo tutauongea baadaye.

Vifaa ninavyovizungumzia ni GPS zilizotengenezwa kwa pikipiki (Garmin zūmo na TomTom Rider ndizo zinazojulikana zaidi), zile za porini kama Garmin Montana na eTrex, na simu yenye programu ya ramani. GPS ya gari iache garini. Mvua moja ya masika inaimaliza. Tafuta dalili yako hapa chini, kisha pima sababu kwa mpangilio nilioziweka, maana ya kwanza ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi.

Inazima au inajiwasha upya kwenye rasta na mashimo

Kwenye lami laini inakwenda vizuri. Ukifika rasta za kuingia kijijini, kioo kinatangaza kwamba umeme wa nje umekatika, au simu inalia kila sekunde: chaja imeingia, imetoka, imeingia. Mshukiwa wa kwanza ni plagi ya USB.

Plagi hizi, hasa zile ndogo za zamani, zilitengenezwa zichomekwe simu ikiwa imetulia mezani. Kwenye pikipiki vibati vyake vya ndani vinasuguana siku nzima, vinalika, vinapata weusi, na mguso unakuwa wa kubahatisha. Kupima ni rahisi. Simamisha pikipiki, washa injini na GPS, halafu shika plagi kwa vidole viwili uitikise taratibu huku ukitazama alama ya chaji. Ikicheza, umeshampata mwizi.

Isipocheza, fuata waya kurudi nyuma. Kituo cha pili ni shingo ya pikipiki, pale waya unapotoka kwenye fremu kwenda kwenye usukani. Zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Chaji ikikatika upande mmoja tu, waya ulifungwa kwa kubana na nyuzi za ndani zimekatika ingawa ganda la nje ni zima. Ukiupapasa utakuta mahali pamelegea kuliko pengine. Kata hapo, unga upya, na acha kitanzi cha akiba ili usukani uzunguke bila kuuvuta. Kituo cha tatu ni nyumba ya fyuzi, cha nne ni boliti za betri zenyewe. Boliti ya betri iliyolegea huwa na dalili zake za pembeni: saa ya dashibodi inarudi sifuri, au stata inagoma mara moja moja bila sababu.

Ukikuta maungio yaliyosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi, usiyaamini hata kama leo yanafanya kazi. Joto linalainisha gundi, tepu inafunguka, maji yanaingia. Tumia viungio vya kubana kwa koleo, na juu yake mpira unaosinyaa kwa moto. Mafundi wengi watakwambia kulehemu kwa risasi ndiyo kazi ya uhakika. Kwenye redio ya sebuleni ni kweli. Kwenye pikipiki waya unakakamaa pale risasi inapoishia, na hapo hapo ndipo mtetemo unapoukata. Ukilazimika kulehemu, funga waya pande zote mbili za kiungo usicheze. Plagi nayo isibebe uzito wa waya: weka tai ya plastiki sentimita chache kutoka kwenye plagi, uikazie kwenye holda.

Tiba ya kudumu ni kifaa ambacho umeme wake haupitii USB. zūmo, Rider na Montana zina kitako maalumu kinachoungwa na betri kupitia fyuzi, na kifaa kinakaa juu ya pini za kugusa. Pini nazo huchafuka, lakini unazisafisha kwa raba ya kufutia penseli na spiriti kidogo, kazi imeisha. Fedha ya ziada unayolipia GPS ya pikipiki, sehemu kubwa ya thamani yake iko kwenye hicho kitako. Kwa fyuzi, ampia 2 au 3 inaitosha GPS yenyewe; soketi ya USB ya kuchaji haraka ipe 5. Fyuzi ikae karibu na betri iwezekanavyo, maana kazi yake ni kuulinda waya wote, pamoja na ule unaopita chini ya tangi.

Alama ya chaji ipo, lakini asilimia zinashuka

Hii ni ya simu zaidi. Kioo kikiwa kwenye mwanga wa juu kabisa na ramani inatembea, simu inakula umeme mwingi kuliko soketi ya bei rahisi inavyoweza kutoa. Soketi ya ampia 1 itaishia kupunguza tu kasi ya kushuka. Tafuta inayotoa ampia 2 au zaidi kwa volti 5, au ya kuchaji haraka ya wati 18. Waya nao uwe mfupi na mnene. Waya mwembamba wa mita mbili unaupoteza umeme njiani.

Sababu ya pili ni joto. Simu ikipata moto inakataa chaji ili kulinda betri yake. Apple wenyewe wanasema iPhone itumike mahali penye nyuzi 0 hadi 35, na saa saba mchana kati ya Chalinze na Morogoro, ndani ya kava nyeusi iliyozibwa pande zote, kikomo hicho unakipita mapema. Kava la kuzuia mvua livae wakati wa mvua tu. Kuisogeza simu nyuma ya kioo cha upepo kunaonekana kama msaada, kumbe unaikosesha hewa na joto linazidi.

Sababu ya tatu ni pikipiki yenyewe. Chukua multimita, kile kipima umeme cha fundi. Injini ikiwa imezimwa na betri imejaa, usome volti 12.6 hivi. Washa injini, vuta mafuta mpaka mizunguko elfu tatu au nne: usome kati ya 13.5 na 14.5. Ukibaki chini ya 13, mfumo wa kuchaji umechoka, na kila ulichoongeza kwenye usukani kinazidi kuubebesha. Ukisoma zaidi ya 15, rektifaya, kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji, imekufa. Chomoa GPS na chaja papo hapo, kabla havijaungua.

Na wenye pikipiki ndogo za cc 100 mpaka 150 wanisikilize hapa, maana nao siku hizi wanasafiri mikoani. Kwenye nyingi ya hizo, taa kubwa hailishwi na betri. Inalishwa moja kwa moja na koili za injini kwa umeme unaogeuka mwelekeo. Utaijua: taa haiwaki mpaka injini iwake, na inang'aa zaidi ukivuta mafuta. Fundi akidokoa umeme wa chaja kwenye waya wa taa ya namna hiyo, chaja itapepesa siku mbili tatu kisha ife. Umeme wa GPS utoke betri.

Asubuhi pikipiki haiwaki

GPS au soketi imeungwa moja kwa moja na betri bila kupitia swichi, na inakunywa usiku kucha. Soketi yenye kitaa na kipima volti inaonekana haina madhara. Piga hesabu: betri ya ampia-saa 9, kifaa kinachokula miliampia 50, ni saa 180, yaani wiki moja na ushee betri iwe tupu kabisa, na stata inagoma siku kadhaa kabla ya hapo. Weka relei, yaani swichi inayowashwa na umeme. Waya wa kuiamsha udokoe kwenye taa ya nyuma au kitu kingine kinachowaka na swichi ya funguo, na umeme wenyewe wa GPS upite kwenye relei ukitoka betri. Kwenye BMW na nyingine zenye kompyuta inayosimamia taa na soketi, usidokoe ovyo. Zikiona mzigo zisioutarajia zinakata soketi nzima, na utadhani GPS ndiyo mbovu.

Haipati setilaiti, au mshale unaruka barabarani

Kwanza, subira. Ili ijue iko wapi, GPS inahitaji kusikia setilaiti zisizopungua nne, na kila setilaiti inachukua kama nusu dakika kutuma taarifa za njia yake. Taarifa hizo zinachakaa baada ya saa chache. Simu yenye bando inazipata kupitia intaneti kwa sekunde kadhaa. Bila bando inabidi izisikie zenyewe kutoka angani, na ukiwa tayari unatembea chini ya miti au kati ya majengo inaanza upya kila ikikatizwa. Ukivuka mpaka Namanga na laini ya simu imekufa, simama mahali peupe dakika chache kabla ya kuondoka. Kifaa kilichokaa kabatini kwa miezi kinaweza kuchukua zaidi ya dakika kumi na mbili kukusanya orodha nzima ya setilaiti.

Ukishasubiri na bado inaruka, chomoa chaja. Usicheke, huu ndio mtihani ambao watu wanauruka. Mawimbi ya GPS yakifika ardhini ni dhaifu mno, na vibadilishi vya bei rahisi vya kushusha volti 12 kuwa 5 vinapiga kelele za redio. Kamera za kurekodi safari zinazofungwa kwenye pikipiki na taa za LED zisizo na kinga nazo zimo. Mshale ukitulia baada ya kuchomoa, umeshajua. Sogeza kibadilishi chini ya kiti, mbali na kifaa, au nunua kingine cha kueleweka.

Kuruka kidogo ukiwa Kitonga, mwamba upande mmoja na korongo upande mwingine, ni kawaida: mawimbi yanagonga mlima kabla ya kukufikia. Na mshale kuzunguka ukiwa umesimama kwenye taa pia si ugonjwa. GPS inajua mwelekeo kwa kutembea. Ukisimama inakisia, au inategemea dira, na dira inachanganywa na sumaku ya begi la tangi au ya holda.

Holda inainama, inazunguka, au imeachia kabisa

Pima bomba la usukani kabla ya kununua. Pikipiki nyingi zina milimita 22 pale mikono inapokaa. Usukani mnene wa pikipiki za safari na porini unafika 28.6 katikati, za mtindo wa Harley zina 25.4. Holda ya 28.6 iliyojazwa vipande vya tyubu ili ishike bomba la 22 itashika mjini. Ipeleke njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaresero, penye mawimbi ya vumbi kama bati, jioni utaikuta inatazama tangi.

Mfumo wa tufe la raba na mkono wa kulibana, ule ambao kampuni ya RAM imeuzoesha dunia kwa tufe la inchi 1, umedumu kwa sababu unashika kwa msuguano wa raba na hauna meno ya plastiki ya kulika. Adui yake ni mafuta. Ukianza kuteleza, ufute kwa sabuni na ukauke. Kukaza zaidi kunauvunja mkono. Nati na boliti zote za chuma zipake gundi ya kuzuia kulegea, ile ya bluu inayofunguka kwa spana, isiwe nyekundu.

Mahali pa kufunga: juu ya dashibodi, karibu na mstari wa macho, kuliko chini karibu na tangi. Kushusha macho hadi tangini ukiwa kwenye kilomita 90 kwa saa ni kutembea mita 25 kila sekunde bila kuona lori lililo mbele. Pikipiki nyingi za safari zina bomba au kibati juu ya dashibodi kwa kazi hii, na vitako vingi vina matundu manne ya kiwango cha AMPS, milimita 30 kwa 38, kwa hiyo fundi wa chuma anaweza kukutengenezea kibati kwa vipimo hivyo. Ukimaliza kufunga, zungusha usukani pande zote: holda isiguse tangi wala kikopo cha mafuta ya breki, na waya wa mafuta usivutwe. Injini ikipanda mizunguko yenyewe ukikata kona kali, rudi ufungue, hata kama umeshachelewa. Kisha ongeza kamba nyembamba kutoka kwenye kifaa hadi kwenye usukani.

Kamera ya simu imeanza kutoa picha zenye ukungu

Mtetemo umeua springi ndogo zinazotuliza lenzi. Septemba 2021 Apple walitoa onyo rasmi kuhusu simu zinazofungwa kwenye pikipiki zenye injini kubwa, na simu za kampuni nyingine zenye lenzi za namna hiyo haziko salama zaidi. Haitibiki kwa programu. Holda yenye kipoza-mtetemo cha raba inapunguza hatari. Njia ya uhakika ni kutumia simu ya zamani isiyohitajika kwa picha, ukaipakia ramani za nje ya mtandao, na simu yako kubwa ikakaa mfukoni.

Kioo ni cheusi

Vua miwani ya jua kwanza. Miwani ya kuchuja mng'ao na vioo vya LCD vina vichujio vinavyoweza kuzibana mwanga. Ukigeuza simu ikalala kwa upana na picha ikarudi, jibu ni miwani. Vinginevyo, badilisha pembe ya holda ili kioo kisiakisi anga. Kioo kikiwa kinajigusa chenyewe kwenye mvua, hiyo ni tabia ya vioo vya simu: funga kioo ubaki unasikiliza sauti. Ukiwa na intakomu (kifaa cha kusikiliza na kuongea) kwenye helmeti na sauti haiji, hakikisha GPS imeunganishwa na intakomu moja kwa moja. Ikiwa imeunganishwa na simu peke yake, simu nayo ndiyo imeshika helmeti, maelekezo yanaishia njiani.

Ramani ni tupu, au njia ni ya ajabu

GPS ya mtumba kutoka Ulaya inakuja na ramani ya Ulaya. Huku kwetu itakuonyesha barabara kuu mbili tatu na jangwa. Kwa Garmin, chukua ramani iliyotengenezwa kutokana na OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni, faili liitwe gmapsupp.img, liweke kwenye folda ya Garmin ndani ya kadi ya kumbukumbu, kisha uiwashe kwenye mipangilio. Tracks4Africa wanauza ramani inayojua njia za vumbi vizuri. Kwenye simu, OsmAnd na Organic Maps zinafanya kazi bila bando.

Njia ya ajabu ni suala lingine, na hapa ndipo kifaa kizima kabisa kinapokupoteza. Kiombe njia kutoka Arusha kwenda Mwanza: programu nyingi zitachora Karatu, Ngorongoro, Serengeti. Pikipiki hairuhusiwi humo, utageuzwa getini Lodoare. Weka kituo cha kati Singida ili kikupitishe Babati, Singida, Nzega, Shinyanga. Mikumi ni tofauti, kwa kuwa barabara kuu ya Iringa inakatiza hifadhi na ni ya umma. Ramani ya zamani nayo itakupeleka kupanga foleni ya kivuko Busisi wakati daraja limefunguliwa Juni 2025. Kabla ya kila safari angalia pia vitu ulivyovikataza kwenye mipangilio: "epuka barabara za vumbi" ikiwa imewashwa, inaweza kukuzungusha kilomita mia mbili kukwepa kumi.

Kisha namba. Sisi wengi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo ina alama ya kutoa. Iringa ni takriban -7.77, 35.69. Sahau hiyo alama, GPS itakutafutia njia ya kusini-magharibi mwa Ethiopia na haitakuuliza kama una akili. Muundo nao: Iringa hiyohiyo kwa nyuzi na dakika ni S 7° 46.2', E 35° 41.4'. Mtu akiandika 7.462 akidhani ni kitu kilekile, latitudo pekee imeshakosea kama kilomita 34. Na ukisoma pointi kutoka kwenye ramani za karatasi za zamani za Kenya na Tanzania, zile zilizochorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupima mahali ulio tofauti na wa GPS, badilisha mpangilio kwenye kifaa; usipofanya hivyo utakosea karibu mita 300, kiasi cha kutosha kuukosa mchepuko wa kambi usiku.

Kabla hujalipia ya mtumba

Iwashe nje ya duka, isubiri ipate setilaiti, kisha soma tarehe. Ikiwa imerudi nyuma karibu miaka 20, ni ya zamani ambayo haikuvuka salama tarehe 6 Aprili 2019, siku kihesabu cha wiki cha GPS kilipojirudia sifuri. Mahali itakuonyesha sawa, lakini saa ya kufika na mwanga wa usiku vitakuvuruga. Igeuze utazame pini za nyuma: zikiwa na kijani, maji yameshakaa. Bonyeza mgongo wa kifaa. Ukiwa umevimba, betri ya ndani imekwisha. Muuzaji akidai kitako kimepotea ila waya wa USB upo, punguza bei kwa gharama ya kitako kipya au mrudishie kifaa chake.